Wajenzi na Warithi: Rekodi za Majumba ya Wakuu wa Nchi

Kwa ukubwa hakuna ubishi. Istana Nurul Iman, kasri la Sultani wa Brunei, lina vyumba 1,788 na mabafu 257, na kwa miaka mingi vitabu vya rekodi vimelitaja kuwa kasri kubwa kuliko yote duniani ambayo bado yana watu wanaoishi ndani. Lilikamilika mwaka 1984, mwaka uleule Brunei ilipopata uhuru wake kamili kutoka kwa Waingereza, na michoro yake ni ya Leandro Locsin, msanifu wa majengo kutoka Ufilipino. Ukumbi wa karamu unachukua watu 5,000. Msikiti wa ndani unachukua waumini 1,500. Gereji inatosha magari 110, na zizi la farasi 200 wa polo limefungwa viyoyozi.

Hesabu kama hizo huchosha haraka, ila jumba hilo lina jambo moja ambalo msomaji wa pwani yetu atalielewa bila kuelezwa. Kila Idd el-Fitr milango yake hufunguliwa kwa siku 3. Watu wa kawaida hupanga foleni, huingia, hulishwa wakashiba, kisha wanaume hupita kumpa mkono Sultani na wanawake hupita kuwasalimia wanawake wa ukoo wake, na watoto hutoka na bahasha mkononi. Ni desturi ileile ya kupita nyumba hadi nyumba siku ya Idd, ya mtoto kunyoosha mkono na kusubiri sikukuu yake, isipokuwa hapa nyumba inayopitiwa ni ya mkuu wa nchi.

Brunei ina upekee mwingine unaonigusa zaidi ya ukubwa. Hassanal Bolkiah, aliyelijenga jumba hilo, bado anaishi ndani yake. Hilo ni nadra sana. Ukiorodhesha majumba wanamokaa marais na wafalme wa leo, utakuta karibu yote yalijengwa na mtu mwingine, kwa ajili ya utawala mwingine, ambao uliamini utakaa hapo milele. Kwa hiyo rekodi ninazotaka kuzieleza hapa zinahusu muda kuliko vyumba: nani alijenga, alikaa kwa kiasi gani, alitokaje, na nani alipewa funguo. Au, kama ilivyotokea Roma, nani alinyimwa.

Wenyeji wengi kuliko wote: Quirinale

Jumba la Quirinale la Roma, makazi ya Rais wa Italia, lina eneo la sakafu la mita za mraba 110,500 na vyumba kama 1,200. Ikulu ya Washington, yenye vyumba 132, ingeingia humo mara nyingi. Papa Gregori wa 13 alianza kulijenga mwaka 1583, akitaka mahali pa kupumzika juu ya kilima, mbali na joto na malaria ya mabondeni wakati wa kiangazi. Tangu hapo limekaliwa na mapapa 30, wafalme 4 na marais 12. Sijui jumba jingine la mkuu wa nchi lililobadilisha aina ya mwenyeji namna hiyo, kutoka kiongozi wa dini hadi mfalme na kutoka mfalme hadi rais wa kuchaguliwa, huku kuta zikibaki zilezile.

Kila badiliko lilikuja kwa msukosuko. Usiku wa Julai 5 kuamkia 6, mwaka 1809, askari wa Napoleon waliweka ngazi ukutani, wakapanda, wakamkamata Papa Pio wa 7 mle mle ndani na kumpeleka uhamishoni. Napoleon akaamuru vyumba vitengenezwe upya ili aje akae yeye. Mafundi wakapamba, wasanii wakachora, na mwenye amri hakufika Roma hata siku moja maishani mwake. Katika rekodi za wenyeji, yeye ndiye aliyeandaliwa mengi kuliko wote bila kulala hata usiku mmoja.

Novemba 1848 Papa Pio wa 9 alitoroka humo amevaa kama padri wa kawaida, wananchi wenye hasira wakiwa wamelizingira jumba. Alirudi Roma baadaye, lakini Septemba 1870 majeshi ya Italia yaliuteka mji, na serikali mpya ikadai Quirinale liwe kasri la mfalme. Papa alikataa kutoa funguo. Ikabidi aitwe fundi wa kufuli aje afungue milango. Hebu fikiria: dola iliyotawala katikati ya Italia kwa zaidi ya miaka elfu moja inakabidhi makao yake kwa fundi mwenye mkoba wa vyuma, kwa sababu mwenye nyumba hakutaka mkono wake uhusike.

Wafalme wenyewe hawakulipenda sana. Vittorio Emanuele wa 3 alihamishia familia yake kwenye nyumba ya shambani ndani ya Roma, na wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia kumbi za Quirinale zikawa hospitali ya askari waliojeruhiwa. Wa mwisho, Umberto wa 2, alikuwa mfalme kwa siku 34 tu, kuanzia Mei hadi Juni 1946, baada ya kura ya maoni ya Juni 2 kuamua kuwa Italia iwe jamhuri. Mkuu wa nchi wa kwanza wa jamhuri hiyo, Enrico De Nicola, hakutaka kabisa kukaa humo. Alipoingia Luigi Einaudi mwaka 1948 ndipo jumba likawa rasmi nyumba ya marais. Walinzi wake, wanaoitwa Corazzieri, lazima wawe na urefu usiopungua mita 1.90, na nadhani nao wanastahili kutajwa katika ukurasa wa rekodi.

Miaka 17 ya kujenga, miaka 18 ya kukaa

Huko Delhi iko rekodi ambayo kwangu inatosha kuelezea himaya nzima ya Waingereza. Mwaka 1911 Mfalme George wa 5 alitangaza kwamba mji mkuu wa India unahama kutoka Kolkata kwenda Delhi. Mwaka uliofuata Edwin Lutyens akaanza kuchora nyumba ya mwakilishi wa mfalme juu ya kilima cha Raisina. Ilipangwa ichukue miaka 4. Ilichukua 17. Ilikula matofali yapatayo milioni 700, ikatoka na vyumba 340 kwenye kiwanja cha ekari 330, na kuba lililokopa sura ya stupa ya Wabuddha ya Sanchi. Lord Irwin, mwakilishi wa wakati huo, alihamia mwishoni mwa 1929. Agosti 1947 India ikawa huru. Wawakilishi watano tu wa mfalme waliwahi kuishi katika nyumba hiyo kubwa kuliko zote walizokuwa nazo Waingereza katika makoloni yao, na jumla ya miaka yao haikufika hata 18.

Kuhusu ujenzi wenyewe kuna kisa cha watu wawili. Lutyens alichora jumba, na rafiki yake Herbert Baker akachora majengo mawili ya wizara yaliyo mbele yake. Baker alitaka majengo yake yawe juu ya kilima sawasawa na jumba. Lutyens alikubali na kutia saini, kisha akagundua kwamba mwinuko wa barabara ungelifanya jumba lake lipotee machoni mwa mtu anayepanda kilima, libaki kuba peke yake. Walikosana kwa miaka mingi. Mpaka leo ukiingia kwa barabara ile kutoka chini, jumba linazama na kuibuka tena unapokaribia. Jina la Baker tunalo hata huku kwetu: yeye ndiye aliyechora nyumba za gavana wa Kenya za Nairobi na Mombasa, ambazo leo zote ni Ikulu.

Ninachokipenda kuliko vyote katika historia ya jumba la Delhi ni uamuzi wa mtu mmoja. C. Rajagopalachari, Mhindi wa kwanza na wa pekee kuwa Gavana Mkuu, aliingia mwaka 1948. Alipooneshwa chumba cha kulala walimokuwa wakilala wawakilishi wa mfalme, alikiona kikubwa mno kwa mtu kama yeye, akachagua vyumba vidogo vya upande mwingine. India ilipokuwa jamhuri Januari 26, 1950, na jumba kupewa jina la Rashtrapati Bhavan, marais waliofuata walishika njia yake. Ule upande mdogo ndio makazi ya familia ya rais, na vyumba vya fahari vya wakoloni vikawa vya wageni. Hakubomoa kitu wala hakubadilisha rangi. Alihamisha kitanda tu, na maana ya nyumba nzima ikabadilika.

Visiwa viwili na taa za umeme

Mwaka 1882, Mfalme Kalākaua wa Hawaii alikamilisha jumba la Iolani mjini Honolulu. Mwaka 1883, Sultani Barghash bin Said wa Zanzibar alijenga Beit al-Ajaib kwenye ufukwe wa Mji Mkongwe. Sina habari kama wawili hao waliwahi hata kusikiana, lakini majumba yao yanafanana kwa namna inayonishangaza kila ninapoyafikiria pamoja. Yote mawili yana baraza pana kuizunguka nyumba, zilizobebwa na nguzo. Yote mawili yaliwahi umeme mapema: Iolani liliwaka taa takriban miaka 4 kabla ya Ikulu ya Marekani, iliyofungwa umeme mwaka 1891, na Beit al-Ajaib lilikuwa jengo la kwanza Zanzibar kuwa na umeme na la kwanza Afrika Mashariki kuwa na lifti. Watawala wawili wa visiwa walikuwa wakiwaambia mabalozi wa Ulaya na Marekani, kwa lugha ya chuma na taa, kwamba wao si watu wa kutawaliwa.

Haikusaidia. Malkia Liliʻuokalani, dada yake Kalākaua, alipinduliwa Januari 1893, na miaka 2 baadaye akafungwa katika chumba kimoja cha jumba lilelile la familia yake. Zamu ya Zanzibar ilikuja mwaka 1896.

Hapa nitakaa kidogo, maana jambo hili ni letu.

Makazi ya masultani wa Zanzibar hayakuwa jumba moja. La zamani kuliko yote ni la Mtoni, alilolijenga Seyyid Said bin Sultan alipokuwa akihamishia makao yake kutoka Oman. Humo ndimo alimozaliwa Bibi Salme mwaka 1844, binti yake ambaye baadaye aliolewa na Mjerumani, akajulikana kwa jina la Emily Ruete, na mwaka 1886 akachapisha kumbukumbu za maisha yake. Ameeleza uani mwa Mtoni kulivyokuwa na paa, tausi, mbuni na heroe wakitembea huru, na watoto wakichezea humo. Mjini, ufukweni, kulikuwa na Beit al-Sahel, kisha Beit al-Hukm, na mwisho Barghash akaliongeza Beit al-Ajaib, refu kuliko yote, akiyaunganisha majumba kwa vipito vya juu ili watu wa ndani wapite bila kukanyaga njia. Nguzo za baraza zake ni za chuma cha kusubu. Sakafu ni za marumaru. Milango yake ya kuchonga ni mipana mno, na wenyeji husimulia kuwa ilikusudiwa Sultani aweze kupita akiwa juu ya tembo. Barghash huyohuyo ndiye aliyevuta maji ya bomba kutoka chemchemi za nje ya mji hadi mitaani, na kama ningeulizwa, hilo ndilo ningelihesabu kuwa ajabu lake kubwa zaidi.

Agosti 25, 1896, Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki ghafla. Saa chache baadaye Khalid bin Barghash, mtoto wa aliyejenga Beit al-Ajaib, aliingia katika majumba ya baba yake na kujitangaza sultani. Zanzibar ilikuwa chini ya himaya ya Uingereza tangu 1890, na Waingereza walishikilia kwamba hakuna wa kukikalia kiti bila ridhaa yao. Mtu wao alikuwa Hamoud bin Mohammed. Khalid akawakusanya watu wapatao 2,800, wengi wao raia na watumishi, ndani na kando ya majumba. Silaha zao nzito zilikuwa bunduki chache za rashasha, mzinga mmoja wa shaba wa karne ya 17, na mizinga miwili iliyowahi kuletwa kuwa zawadi kutoka kwa Kaiza Wilhelm wa 2 wa Ujerumani. Bandarini ilitia nanga meli ya kisultani, Glasgow, ambayo Barghash aliiagiza Scotland baada ya kimbunga cha 1872 kumwangamizia meli zake. Upande wa pili zilipangwa meli 5 za kivita za Kiingereza chini ya Admirali Harry Rawson.

Khalid alipewa hadi saa 3 asubuhi ya Agosti 27 awe ameshusha bendera. Hakushusha. Saa 3:02 mizinga ikaanza. Majumba yale yalikuwa na mbao nyingi na hayakujengwa kuwa ngome, kwa hiyo makombora yalipita kama yanapita kwenye pazia. Glasgow ilijaribu kujibu, ikazamishwa, na milingoti yake ikabaki imechomoza juu ya maji ya bandari hadi 1912. Kufikia saa 3:40 bendera ilikuwa imeangushwa na mapigano yamekwisha. Dakika 38. Wapo wanaohesabu 45, kwa kutegemea wanaanzia wapi na kuishia wapi, lakini kwa hesabu yoyote ile hivyo ndivyo vita vifupi kuliko vyote vilivyoandikwa katika historia.

Rekodi hiyo hupenda kutajwa huku watu wanacheka, na mimi sijawahi kuona cha kuchekesha. Watu wapatao 500 wa upande wa Zanzibar waliuawa au kujeruhiwa ndani ya dakika hizo, wanaume na wanawake. Upande wa pili alijeruhiwa baharia mmoja, naye akapona. Kisha waliomuunga mkono Khalid wakatozwa fidia ya rupia 300,000, zikiwemo gharama za makombora yaliyowapiga. Kati ya vipengele vyote vya tukio hilo, hicho ndicho ambacho ningependa kila mtoto wa shule akijue pamoja na zile dakika 38.

Khalid alikimbilia ubalozi wa Ujerumani, nyuma tu ya majumba, akakaa humo zaidi ya mwezi. Waingereza walingoja atoke wamkamate. Oktoba 2 maji yalipojaa, mashua ya meli ya Kijerumani ilifika hadi kwenye lango la ubalozi upande wa bahari, akapanda moja kwa moja bila kukanyaga ardhi ya Zanzibar, akapelekwa Dar es Salaam. Waingereza walikuja kumkamata mwaka 1916, wakampeleka Shelisheli na Mtakatifu Helena, na mwishowe akaruhusiwa kurudi Afrika Mashariki. Alifia Mombasa mwaka 1927.

Beit al-Hukm halikujengwa tena. Beit al-Sahel lilijengwa upya, likawa kasri la masultani hadi usiku wa Mapinduzi ya Januari 12, 1964, alipoondoka Jamshid bin Abdullah, aliyekuwa amekalia kiti kwa miezi 6 na siku kadhaa. Jamshid aliishi Uingereza kwa zaidi ya miaka 50, akaruhusiwa kuhamia Oman mwaka 2020 na kufariki Muscat mwishoni mwa 2024. Kasri lake ni makumbusho tangu 1994. Serikali ya Mapinduzi haikulifanya makazi ya rais. Ikulu ya Zanzibar ikawa nyumba nyingine, ile iliyokuwa ya mwakilishi wa Uingereza, kazi ya msanifu J. H. Sinclair. Kila nikipita pale najiuliza kama watu wa 1964 walilijadili jambo hilo au lilijiamulia lenyewe: kati ya kiti cha Sultani na kiti cha Mwingereza, walikalia cha Mwingereza.

Beit al-Ajaib lilivumilia mizinga ya 1896. Mnara wa mbele yake ndio uliovunjwa, na baadaye mnara wa saa ukajengwa ndani ya uso wa jengo lenyewe. Lilichoshindwa kuvumilia ni miaka ya kuachwa. Mwaka 2012 kona ya baraza ilidondoka. Desemba 25, 2020, likiwa katikati ya ukarabati uliofadhiliwa na Oman, sehemu kubwa ya mbele ilianguka pamoja na mnara, na watu wawili wakafa. Jengo lilikuwa limesimama miaka 137. Wanaosema kuwa ni mawe tu ya kisultani hawajasimama chini ya baraza zile wakaona zilivyojengwa na mikono ya watu wa hapa, na hawajafikiria kwamba hakuna jengo jingine kusini mwa Sahara lenye historia kama ile. Lijengwe, na lijengwe na mafundi wanaojua chokaa.

Waliokataa kulala

Bahari ileile ilileta mizinga mingine Dar es Salaam. Mwishoni mwa Novemba 1914 meli za kivita za Uingereza ziliipiga nyumba ya gavana wa Kijerumani iliyokuwa ufukweni, na Waingereza haohao walipoichukua nchi wakaijenga upya mwaka 1922 juu ya mabaki, kwa ajili ya gavana wao Horace Byatt. Kuta nyeupe, matao, baraza za kupitisha upepo wa bahari. Hiyo ndiyo Ikulu ya Magogoni. Wajerumani waliijenga, Waingereza waliivunja na kuijenga tena, na mwaka 1961 ikapokea wenyewe.

Mwalimu Nyerere hakupenda kuishi humo. Alijenga nyumba yake Msasani akahamia huko na familia, Ikulu ikabaki mahali pa kazi. Si kwamba aliidharau: ni yeye aliyekumbusha watu mwaka 1995 kuwa Ikulu ni mahali patakatifu, hapafai kuwa pango la walanguzi. Jirani yake, Mzee Jomo Kenyatta, alifanya kazi Ikulu ya Nairobi na jioni msafara wake ukampeleka nyumbani Gatundu. Waasisi wawili waliotofautiana kwa mengi walikubaliana katika hili bila kuambiana.

Orodha ya waliokataa ni ndefu kuliko nilivyotarajia. Mfalme wa Hispania ana jumba rasmi, mali ya dola, lenye vyumba 3,418 mjini Madrid, kubwa kuliko yote ya kifalme Ulaya Magharibi, na familia yake inaishi Zarzuela, nje kidogo ya mji. José Mujica, rais wa Uruguay kuanzia 2010 hadi 2015, alibaki kwenye nyumba yake ya shambani. Papa Francis, ambaye kwa cheo chake alikuwa pia mkuu wa dola ya Vatikani, alichagua nyumba ya wageni ya Santa Marta na kuviacha vyumba vya mapapa. Mexico walikwenda mbali zaidi: Desemba 1, 2018, siku Andrés Manuel López Obrador alipoapishwa, makazi ya marais ya Los Pinos yalifunguliwa kwa umma, na familia nzima nzima zikaingia kutazama vyumba walivyokuwa wakivisikia redioni.

La kuporomoka haraka: Gbadolite

Kinyume chake ni Mobutu Sese Seko. Kaskazini kabisa mwa Congo, karibu na mto Ubangi, alikigeuza kijiji cha ukoo wake kuwa mji wenye kasri la Kawele, kasri jingine la mjini, majengo ya mtindo wa Kichina, bwawa la umeme la Mobayi na kiwanja cha ndege chenye njia ya kilomita zaidi ya 3, ndefu ya kutosha kwa Concorde aliyokuwa akiikodi. Juni 1989 viongozi wa Afrika walikusanyika hapo kuwapatanisha mahasimu wa Angola, José Eduardo dos Santos na Jonas Savimbi, na picha za Savimbi na dos Santos wakipeana mikono zikaenea dunia nzima. Mapatano yalivunjika baada ya wiki chache.

Mei 1997 Mobutu, mgonjwa, alikimbia Kinshasa akapitia Gbadolite. Ndege yake iliporuka ilipigwa risasi na askari wake mwenyewe. Alifariki Rabat Septemba 7 mwaka huohuo. Makasri yaliporwa: marumaru yalibanduliwa ukutani, nyaya za umeme zikang'olewa, hata mabomba yakaondoka. Miti ikaota katika mabwawa ya kuogelea. Jumba la Gbadolite halikuwa na mrithi, maana halikuwahi kuwa la nchi. Lilikuwa la mtu. Linganisha na Palais de la Nation la Kinshasa, lililojengwa kwa ajili ya Gavana Mkuu wa Kibelgiji. Humo ndimo Patrice Lumumba alimohutubia Juni 30, 1960 mbele ya Mfalme Baudouin, na hadi leo rais wa Congo anafanyia kazi humo.

Mengine niyapitie haraka. Lililokaliwa muda mrefu bila kukatika ni Windsor, lililoanzishwa na William Mshindi karne ya 11. Liliungua Novemba 1992, vyumba 115 vikaharibika, na ili kupata fedha za ukarabati Malkia Elizabeth wa 2 akafungua Buckingham kwa watalii wanaolipa kiingilio. Kubwa katika ngome za kale ni Praha, yenye karibu mita za mraba 70,000, makao ya marais tangu 1918. Lililoanguka kwa sekunde chache kuliko yote ni la Port-au-Prince: tetemeko la Januari 12, 2010 lililaza kuba lake juu ya sakafu, na mwaka 2012 mabaki yakabomolewa.

Jipya katika hesabu yangu ni letu. Serikali iliamua mwaka 1973 kuhamia Dodoma, na Chamwino Mwalimu alikuwa na makazi kabla ya wengi wetu kuzaliwa, lakini Ikulu kamili ilisubiri. Mei 2020 Rais John Magufuli aliweka jiwe la msingi. Jengo kuu lilifuata kwa makusudi sura ya Ikulu ya Magogoni, matao na weupe wake, yaani katikati ya nchi kavu pamesimama nyumba yenye umbo lililobuniwa kwa ajili ya upepo wa bahari. Nimesikia wasanifu wakililalamikia hilo, na nawaelewa, ingawa naelewa pia kwamba kwa Mtanzania wa kawaida Ikulu ina sura moja tu, ile aliyoiona kwenye noti na kwenye televisheni. Hili ndilo jumba ambalo jamhuri yetu ililijenga yenyewe, kwa fedha yake, kwa ajili ya mtu anayechaguliwa kwa kura. Magufuli alifariki Machi 2021 kabla halijakamilika. Mei 20, 2023 aliyelizindua ni Samia Suluhu Hassan, aliyekuwa makamu wake, na mzaliwa wa Unguja.